Muulize Fundi: Umeme wa Jua Unaobaki na Gari la Umeme Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja. Wasomaji waliokwisha kuweka paneli juu ya paa, au wanaokusudia kuweka, wanataka umeme wa mchana unaobaki baada ya matumizi ya nyumba uingie katika gari, katika pikipiki au katika magari ya wageni wao. Tumechagua barua tano, na mbili kati yake tumezifupisha. Panapotajwa uniti katika majibu haya, inayokusudiwa ni ile ile inayohesabiwa na mita ya TUKUZA, ile ya kulipia umeme wa shirika kabla ya kuutumia, yaani kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja.

Swali. Assalaam alaykum Fundi. Mimi ni mtumishi wa umma na ninaishi Bububu. Nina paneli 8 za wati 550, inveta ya haibridi (inayochanganya umeme wa paneli, wa betri na wa shirika) ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya uniti 5. Nyumba yangu hutumia takriban uniti 8 kwa siku. Ifikapo saa 5 asubuhi betri huwa imeshajaa, na programu ya simuni inaonesha kuwa paneli zimepunguzwa uzalishaji kwa sababu hakuna pa kuupeleka umeme. Sasa nimeagiza Nissan Leaf ya betri ya uniti 40 kutoka Japani. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue chaja ya ukutani inayofuata jua, na jirani yangu anasema soketi ya kawaida inatosha. Nimfuate nani? – Msomaji wa Bububu, Unguja.

Jibu. Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kuamua baina ya muuzaji na jirani, liko suala ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuuliza: hilo gari litakuwa wapi saa 6 mchana?

Jua la kwetu hupinduka karibu na saa 6 na dakika 20 mchana, likitangulia au kuchelewa kwa kiasi cha robo saa kwa kufuata miezi, na ndiyo sababu adhana ya adhuhuri haitoki saa 6 kamili. Umeme unaobaki hukusanyika pande zote mbili za wakati huo, kuanzia saa 4 asubuhi, betri ya nyumba inapokaribia kujaa, hadi karibu na alasiri. Nje ya saa hizo paneli bado zinafanya kazi, lakini kinachotoka huliwa karibu chote na friji, feni na pampu ya maji. Kwa hivyo mtu anayetoka nyumbani saa 1 asubuhi na kurudi saa 10 alasiri ana paneli nyumbani na gari mjini kwa muda wote ambao viwili hivyo vingepaswa kukutana.

Tuhesabu. Katika visiwa vyetu kilowati 1 ya paneli hutoa kwa wastani wa mwaka takriban uniti 4 kwa siku. Paneli zako zina kilowati 4.4, nazo zinaweza kukupa uniti 17 hivi kwa siku ya wastani. Ukitoa uniti 8 za nyumba zinabaki 9. Gari la aina yako hutumia kiasi cha uniti 16 kwa kilomita 100, na katika kila uniti inayotoka ukutani sehemu hupotea njiani kabla ya kufika katika betri, kwa hivyo uniti 9 za ukutani zitakupa mwendo wa karibu kilomita 50. Kutoka Bububu hadi mjini ni takriban kilomita 10, na hata ukiongeza safari za sokoni na skuli, matumizi yako ya siku hayatavuka kilomita 30. Kwa hesabu ya karatasini, jua linakutosha na kubaki.

Tatizo ni kwamba katika siku 7 za wiki gari lako litakuwa nyumbani adhuhuri siku 2 tu. Siku hizo zitakupa uniti 18, wakati wiki nzima ya kilomita 200 inahitaji uniti 37 hivi kutoka ukutani. Nusu ya mwendo wako, basi, itatoka juani, na nusu itatoka TUKUZA. Mimi sioni ubaya wowote katika mgawanyo huo, na ningependelea uupokee ulivyo badala ya kutumia fedha nyingi kuukimbia. Wapo watakaokushauri uongeze betri ya nyumba ili ihifadhi umeme wa mchana na kuumimina katika gari usiku. Usikubali. Utakuwa umenunua betri moja ili ijaze nyengine, umeme utageuzwa mara mbili zaidi na kupungua kila mara, na gari lenyewe tayari lina betri ambayo ni mara 8 ya ile uliyonayo.

Njia ya bei ndogo zaidi, ikiwa inveta yako ina mlango wa pili wa paneli, ni kuongeza paneli 3 au 4 zinazoelekea magharibi na kuinamishwa kiasi. Mafundi wengi huziweka paneli zote upande mmoja ili zitoe kilele kikubwa adhuhuri, na kwa nyumba isiyo na gari hiyo si rai mbaya. Kwa mtu anayerudi saa 10, kilele hicho hakimfai kitu. Kwa mpangilio wa sasa, siku ya jua safi, utakuta paneli zako zinatoa kilowati 1.5 hadi 2 unaporudi, na nyumba inachukua sehemu yake. Paneli za magharibi zitakurefushia alasiri kwa saa moja na zaidi. Zingatia pia kwamba sisi tuko karibu na nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua hupita upande wa kaskazini wakati wa Kipupwe na upande wa kusini mwezi wa Disemba, na hakuna upande mmoja unaoshinda mwaka mzima kama ilivyo Ulaya. Mwezi wa Ramadhani, ambapo ofisi nyingi hufunga mapema na jiko la mchana huwa limepumzika, utaona mwenyewe jinsi mfumo ule ule unavyojaza gari zaidi.

Sasa tuje kwa muuzaji. Kile kinachoitwa chaja ya ukutani kwa hakika si chaja. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, na kisanduku cha ukutani ni swichi yenye akili, inayoliambia gari linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi. Kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na magari yote ni ampea 6, ambazo kwa volti 230 ni kilowati 1.4 hivi. Umeme unaobaki ukiwa chini ya hapo, kisanduku kina njia mbili tu: kusimamisha kazi au kuazima upungufu kutoka kwingine. Kisanduku kinachofuata jua hutumia kihisi kinachofungwa katika waya mkuu wa nyumba, nacho hutazama kama kuna umeme unaotoka kwenda katika gridi. Kinapouona unatoka, huligawia gari kiasi hicho hicho.

Hapa ndipo ushauri wa muuzaji unapokwama kwa nyumba yako. Umesema mwenyewe kuwa inveta inapunguza uzalishaji betri ikijaa. Maana yake imewekwa isirudishe umeme katika gridi, na fundi wako amefanya vyema, kwa sababu baadhi ya mita za malipo ya kabla huuhesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumika, zikamla mwenye nyumba uniti zake mwenyewe. Lakini kama hakuna umeme unaotoka, kihisi cha kisanduku hakitauona hata kidogo, na gari litasubiri mpaka magharibi. Umeme huu uliozuiliwa ni sawa na mvua inayopita juu ya paa lisilo na mfereji: upo, ila hakuna chombo kinachoujua. Ukinunua kisanduku cha namna hiyo, sharti kiwe kinaweza kuzungumza na inveta yako moja kwa moja na kusoma kiasi cha betri, ili kianze kuligawia gari umeme betri ya nyumba inapovuka, tuseme, asilimia 90. Mwambie muuzaji akuoneshe hilo likifanyika kwa inveta ya aina yako, si kwa picha.

Rai yangu ni nyepesi zaidi. Nunua kebo ya kubebeka yenye kitufe cha kuchagua ampea, kwa kawaida 6, 8, 10, 13 na 16, na uifanyie njia yake pekee ya umeme. Jumamosi na Jumapili, betri ikishajaa, ichomeke kwa ampea 10 au 13 kwa saa tatu au nne za katikati ya mchana. Usishawishike kuiweka ampea 6 kutwa nzima kwa kudhani kuwa unalifuata jua kwa uaminifu zaidi. Gari linapojazwa huamsha vifaa vyake vya ndani ambavyo hula wati 200 hadi 300 bila kujali unajaza pole pole au haraka, kwa hivyo anayejaza kwa kilowati 1.4 anapoteza sehemu kubwa kuliko anayejaza kwa kilowati 2.5. Wingu likipita na betri ya nyumba ikachangia kidogo, iache ichangie. Wala usitegemee kilowati 4.4 kamili: paneli iliyopata moto wa nyuzi 60 juu ya bati hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake, na kilowati 3.5 adhuhuri ni matokeo mazuri.

Ile kebo inayokuja na gari kutoka Japani iache ndani ya buti. Imeandikwa volti 200, umeme wetu ni volti 230, na nyingi kati ya kebo hizo hazina namna ya kupunguza ampea. Kumbuka pia kwamba Leaf zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina tundu la aina ya 1, na chaja yao ya ndani hupokea kilowati 3, au 6 kwa zile zilizoagizwa na nyongeza hiyo. Kisanduku cha kilowati 22 hakitaliharakisha gari hilo hata kwa dakika moja.

Na jirani? Soketi ya kawaida ya ampea 13 hustahimili pasi kwa dakika 20, lakini gari huvuta bila kupumzika kwa saa nyingi, na soketi iliyolegea au iliyoliwa na chumvi itayeyuka. Mwambie fundi avute waya wa milimita za mraba 4 kutoka bodi kuu hadi mahali pa kuegesha, aweke breka yake ya ampea 20, kifaa cha kukata umeme unaovuja, na soketi nzito ya buluu ya ampea 16. Njia hiyo aiunganishe upande wa gridi wa inveta, si upande wa akiba unaoendelea kuwaka umeme ukikatika. Akiiweka upande wa akiba, siku umeme wa shirika utakapokatika usiku gari litainywa betri ya nyumba yote kabla ya sahari. Kihisi cha inveta nacho kiwe kabla ya tawi la gari, ili inveta ijue kuwa gari linahitaji umeme na iachie paneli zifanye kazi.

Jambo la mwisho kwako. Betri ya Leaf ya aina yako haina mfumo wa kuipoza kwa maji, na joto la kwetu si rafiki yake. Egesha kivulini, jaza hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, na ukitaka kuifikisha 100 kwa safari ya Nungwi au Makunduchi, ifikishe asubuhi ya safari yenyewe, usiiache imejaa siku nzima juani.

Swali. Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa bodaboda hapa Wete. Pikipiki yangu ni ya umeme, betri yake ni ya lithiamu, volti 72 na ampea-saa 40, na huijaza usiku kwa TUKUZA. Nataka kuweka paneli 2 za wati 550 juu ya duka la baba. Jee, zitatosha? Na kuna mtu kaniambia paneli zinaweza kuungwa moja kwa moja na betri bila ya kitu chochote katikati. – Kijana wa Wete, Pemba.

Jibu. Marahaba, mwanangu. Nianze na la pili kwa sababu lina hatari. Paneli mbili za wati 550 zikiungwa kwa mfululizo hutoa karibu volti 100 zisipokuwa na mzigo, na betri yako ikijaa inapaswa kusimama kwenye volti 84 hadi 88 kulingana na aina yake. Ndani ya betri mna kadi ya kinga inayoweza kukata umeme ukizidi, lakini kadi hiyo imewekwa kuzuia maafa, haikuwekwa kuongoza kujaza kwa kila siku. Siku itakapochoka, betri ya lithiamu iliyozidishwa huwaka moto ambao maji ya ndoo hayauzimi. Aliyekushauri hivyo msikilize kwa mambo mengine.

Kuhusu kutosha, betri yako hubeba takriban uniti 2.9, na kuijaza kutoka sifuri utahitaji uniti 3.5 hivi. Paneli zako mbili zitatoa uniti 4.4 kwa siku ya wastani kabla ya hasara za inveta na chaja, kwa hivyo zinatosha kwa unyembamba siku za jua, na hazitoshi mwezi wa Aprili, ambao ndio wenye mvua nyingi za Masika.

Kwako wewe suala la saa 6 mchana lina jibu bora kuliko unavyodhani. Abiria wako ni wa asubuhi na wa jioni, na baina ya adhuhuri na alasiri vijana wengi wa bodaboda hukaa kivulini wakisubiri. Chaja ya ampea 10 kwa betri ya namna hiyo huvuta kiasi cha wati 800 hadi 900, na hicho ndicho kiasi ambacho paneli zako zitaweza kutoa saa hizo. Ukiichomeka kwa saa mbili unapokwenda kuswali na kula, utakuwa umerudisha karibu nusu ya betri. Tafuta inveta ndogo ya haibridi inayoweza kufanya kazi bila betri yake yenyewe na kuchanganya umeme wa jua na wa shirika, ili wingu likipita chaja isizimike. Hakikisha inveta hiyo inatoa mawimbi laini ya umeme kama ya shirika. Zile za bei ya chini zenye mawimbi ya ngazi huunguza chaja.

Swali. Fundi wetu, mimi nina nyumba ya wageni ya vyumba 6 Jambiani. Tuna paneli 24 za wati 450 na inveta ya fezi tatu ya kilowati 10. Wageni wameanza kuja na magari ya umeme ya kukodi na wanauliza pa kujazia. Fundi mmoja anataka kuniwekea chaja ya kilowati 22. – Mama wa nyumba ya wageni, Jambiani.

Jibu. Bi mkubwa, katika wote walioandika wewe ndiye mwenye bahati. Mgeni wa Jambiani huegesha gari asubuhi na kwenda pwani, viyoyozi vya vyumbani vimezimwa, na paneli zinatoa umeme usio na mtu. Gari liko pale pale mchana kutwa. Hilo watu wa mjini wangelilipia.

Chaja ya kilowati 22, hata hivyo, haina maana kwenye inveta ya kilowati 10. Zaidi ya hayo, kujaza kwa fezi tatu kuna kima chake cha chini: ampea 6 katika kila fezi, yaani kilowati 4.1 kwa jumla, na umeme unaobaki ukishuka chini ya hapo kazi husimama. Kwa fezi moja unaweza kushuka hadi kilowati 1.4. Kwa hivyo weka visanduku viwili vidogo vya fezi moja, kila kimoja katika fezi yake, na kila kimoja kifungwe kwa ampea 14, kwa sababu inveta yako hugawa takriban kilowati 3.3 kwa fezi. Fezi ya tatu iachie jiko na pampu. Gari likisimama kuanzia saa 4 hadi saa 9 litapata uniti 15 hivi, ambazo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 80, na kutoka kwako hadi mjini hazifiki 60.

Kinachonitia wasiwasi ni ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Upande wenu ni uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe, na fimbo ya ethi iliyopigwa katika mawe hayo wakati wa Kaskazi, ardhi ikiwa imekauka, mara nyingi haifanyi kazi yoyote. Gari la umeme hupima ethi kabla ya kukubali kujazwa, na likiona haifai hukataa, kisha mgeni hudhani chaja ni mbovu. Mwambie fundi aipime kwa mita ya ethi, aongeze fimbo au azike waya mrefu wa shaba mahali penye udongo, na usikubali kauli ya kuwa ipo na inatosha bila ya kipimo. Kuna kasoro nyengine inayofanana na hiyo: umeme wa shirika ukikatika, baadhi ya inveta huacha waya wa nyutro ukielea bila kuungwa na ethi, na magari mengi hukataa kujazwa katika hali hiyo. Inveta nzuri huunga nyutro na ethi yenyewe inapobaki peke yake, lakini huenda mpangilio huo ukahitaji kuwashwa.

Kwa chumvi ya bahari, visanduku viwe vya kiwango cha IP65, yaani visivyoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na tundu zielekee upande usiopigwa na upepo. Waulize wanaokodisha magari kama plagi zao ni aina ya 1 au aina ya 2 kabla hujanunua chochote. Bei ya kujaza iweke ndani ya bei ya chumba. Ukitaka kuuza kwa uniti, anza kwa kuuliza ZURA, ambao ndio wanaodhibiti huduma za nishati hapa Zanzibar.

Swali. Ninakaa ghorofa ya pili Mji Mkongwe. Jee, naweza kuweka paneli juu ya dari na kushusha waya dirishani hadi gari lilipoegeshwa? – Msomaji wa Malindi.

Jibu. Waya dirishani, hapana, kwa namna yoyote. Utapita juu ya njia ya watu, utapigwa na mvua, utasuguliwa na ukingo wa dirisha, na mtoto mmoja akiuvuta yatakuwa mengine. Kuhusu paneli, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na chochote kinachobadilisha sura ya paa au ukuta kinahitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi. Hata ukiipata, majengo yanatiana kivuli, na kivuli cha mnara au tangi la maji juu ya paneli moja hupunguza nguvu ya safu nzima. Kama gari lako hushinda kazini, zungumza na mwajiri wako. Ofisi yenye paa pana na uwanja wa kuegesha ndiyo iliyo na umeme wa kubaki saa ile gari linapouhitaji, na soketi moja ya ampea 16 pale itakufaa kuliko paneli zozote utakazozipandisha juu ya nyumba ya Malindi.

Swali. Mimi ni mstaafu wa Chake Chake. Nina paneli zisizo na betri zilizoungwa na umeme wa shirika, na nashangaa kwamba umeme ukikatika mchana, nazo huzima ingawa jua linawaka. Mwanangu anasema tukinunua gari la umeme, gari litawasha nyumba. Ni kweli? – Mzee wa Chake Chake, Pemba.

Jibu. Mzee wangu, shikamoo. Inveta yako inazima kwa makusudi. Ingeendelea kutoa umeme katika waya wa barabarani uliokatwa, fundi wa shirika aliyepanda nguzo akiamini kuwa hauna kitu angepoteza maisha. Inveta ya haibridi yenye betri hujitenga kwanza na gridi ndipo ikaendelea kulisha nyumba, lakini yako haina uwezo huo, na ndiyo maana jua linawaka na feni imesimama.

Mwanao amesema kweli kwa sehemu. Baadhi ya magari mapya, kama Hyundai Ioniq 5, yana njia ya kutoa umeme wa nyumbani wa hadi kilowati 3.6 kupitia plagi maalumu, na kiasi hicho kinatosha friji, taa, feni na televisheni. Nissan Leaf nayo inaweza kurudisha umeme kupitia CHAdeMO, tundu lake kubwa la kujazia haraka, na Wajapani wamekuwa wakiitumia kulisha nyumba tangu mwaka 2012, baada ya tetemeko la mwaka uliotangulia, lakini inahitaji mtambo wake pekee baina ya gari na nyumba, na mitambo hiyo ya Kijapani hutoa volti 100 na 200 kwa mpangilio wa nyaya za kwao. Usiagize kwa kuwa tu umeiona ikiuzwa.

Manufaa yenyewe si madogo. Unguja ilipokaa kiza kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, nyinyi Pemba mlikuwa bado mnategemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na waya wa baharini kutoka Tanga ulianza kazi baadaye mwaka huo huo wa 2010. Tangu hapo visiwa vyote viwili hutegemea waya wa chini ya bahari. Gari lenye uniti 20 zilizobaki linaweza kulisha vitu vya lazima vya nyumba inayotumia uniti 3 kwa siku kwa karibu wiki nzima. Kwa mwezi mzima, sharti paneli ziwe zinaendelea kufanya kazi, na hapo tunarudi kwenye inveta: ibadilishe kwanza, gari lifuate.

Tahadhari moja isiyo na msamaha. Usimruhusu mtu yeyote achukue kebo yenye plagi pande zote mbili akaunga gari na soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme utatoka nje hadi barabarani, na plagi ikichomoka, vyuma vyake vitakuwa hai mkononi. Iwekwe swichi ya kubadilishia, ambayo haiwezi kuunga shirika na gari kwa wakati mmoja. Akishaifunga, mwambie fundi aikate swichi kuu mbele yako mchana kweupe, aibadilishe kwa upande wa gari, kisha aguse waya unaotoka nje kwa kipimio, na usimlipe mpaka umeona mwenyewe kuwa hauna umeme.